Ukifuta Mstari, Umemfuta Mtu

Makamanda, leo sijaja kuwapigia makofi. Nimekuja kugombana, hasa na wale kaka na dada zangu ambao siku hizi wamejifunza kuchakata data kwa kompyuta na wamekuwa walimu wetu kwenye magrupu. Nawaheshimu, na chama kinawahitaji kuliko kinavyonihitaji mimi. Lakini kuna tabia moja wanatufundisha ambayo isipokemewa mapema itatupoteza, na tutapotea huku tumeshika grafu nzuri mikononi.

Tabia yenyewe ni hii. Madodoso yamerudi kutoka mtaani, majibu yameingizwa kwenye jedwali: mstari mmoja kwa kila mtu, safu wima moja kwa kila swali. Hapa na pale kuna seli tupu. Huyu hakutaja umri, yule hakutaja kipato, mwingine amekataa kusema atampigia nani kura. Mtaalamu wetu anaangalia, anakunja uso, anasema, "Data ni chafu, ngoja niisafishe." Anaandika amri moja tu: dropna kama yuko kwenye Python, na.omit kama yuko kwenye R. Sekunde haijaisha, kila mstari wenye seli tupu umetoweka. Jedwali linang'aa. Watu wanapongezana.

Mimi nasema hapo hakuna usafi uliofanyika. Kilichofanyika ni kuwafukuza watu mkutanoni kwa kosa la kukaa kimya kwenye swali moja.

Tuanze na hesabu

Wengi wanadhani wanaofutwa ni wachache. Sasa tuhesabu. Amri ya dropna, usipoielekeza vingine, hufuta mstari mzima hata kama seli iliyo tupu ni moja. Haiulizi ni swali gani. Mama aliyejibu maswali 19 kati ya 20 anaondoka na majibu yake yote 19.

Chukua mfano wa kubuni. Umehoji watu 1,000, maswali 10, na kila swali limekosa jibu kwa asilimia 5 tu ya watu, tena mapengo yametawanyika kibahati bila uhusiano wowote. Asilimia 5 si kitu, eti? Ukifuta kila mstari wenye pengo unabaki na watu kama 599. Maswali yakiwa 20, unabaki na kama 358. Vijana wetu wametembea juani wiki nzima, wamehoji watu 1,000, halafu theluthi mbili ya kazi yao imemwagwa kwa neno moja. Na siku ya kuongea na waandishi wa habari mtu anasimama anasema, "Tumehoji wananchi 1,000." Huo ni uongo, hata kama anayesema hajui kwamba anadanganya.

Kuna kichekesho kingine. Weka kwenye dodoso swali la "mtoto wako wa kwanza anasoma shule gani?" Asiye na mtoto ataacha wazi, na ana haki ya kuacha wazi, maana swali halimhusu. Ukipitisha fyekeo lako, umewafuta wote wasio na watoto. Sisi ni jumuiya ya vijana, jamani! Tunafanya utafiti wa vijana kisha tunawafuta vijana wenyewe, na hakuna anayeshtuka kwa sababu kompyuta haikupiga kelele.

Kompyuta hupiga kelele mara chache sana. Kwenye R, ukiendesha modeli ya rigresheni kwa mipangilio ya kawaida, yenyewe hutupa mistari yenye mapengo, halafu inakutajia idadi yake kwa mstari mmoja karibu na mwisho wa muhtasari, pale ambapo wengi wetu hatufiki. Excel ukiiomba wastani wa safu, inaruka seli tupu bila kusema neno. Pandas nayo ni hivyohivyo. Ila naipa R heshima kwa jambo moja: ukiiomba wastani wa safu yenye pengo hata moja, inakujibu NA. Yaani inakuambia, "Sijui, kuna mtu hajasema." Ni mpaka wewe uilazimishe kwa kuiandikia na.rm=TRUE ndipo itoe namba. Mashine ina adabu ya kukiri isichokijua. Sisi ndio tunaifundisha ujeuri.

Kimya kina sababu

Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkubwa. Wanatakwimu walifika hapohapo kwa njia yao. Mwaka 1976 Mmarekani Donald Rubin aliandika makala kuhusu data zinazokosekana, na tangu hapo imezoeleka kuyagawa mapengo katika makundi matatu.

Kundi la kwanza ni pengo la bahati tupu. Tableti ilizima chaji, karatasi ilimwagikiwa chai. Pengo hilo halina uhusiano na mtu wala jibu lake. Kundi la pili ni pengo linaloelezeka kwa mambo mengine tunayoyajua: kwa mfano wazee huruka swali la umri kuliko vijana, lakini tunajua nani ni mzee kwa majibu yake mengine. Kundi la tatu ndilo la hatari: seli ni tupu kwa sababu ya jibu lenyewe ambalo lingekuwemo. Mwenye kipato kikubwa anaficha kwa kuwa ni kikubwa. Mwenye msimamo wa hatari anaficha kwa kuwa ni wa hatari.

Mistari ikiwa michache na pengo likiwa la kundi la kwanza, kufuta hakukupindishi. Kunakupunguzia tu watu. Sina ugomvi na hilo. Lakini niambieni, makamanda, kwa nchi hii tunayoijua, swali la "utampigia nani kura?" linaachwa wazi kwa bahati?

Mama anahojiwa mlangoni kwake na mjumbe wa nyumba kumi yuko hatua chache, anasalimia. Kijana ana kikundi kinachosubiri mkopo wa halmashauri. Mwalimu anafikiria uhamisho. Muulize kila mmoja wao atapigia chama gani. Ukiona seli tupu hapo, usidhani hakuna kitu. Kuna woga, na woga ni taarifa ya kisiasa kuliko majibu mengi uliyoyajaza.

Sasa tazama kinachotokea. Tuseme watu 1,000 wameulizwa, 600 wamejibu, 400 wamekaa kimya. Kati ya waliojibu, 420 wamesema chama tawala na 180 upinzani. Ukifuta mistari 400, ripoti yako inasema asilimia 70 kwa 30, kwisha habari. Lakini ukweli unaoujua ni huu tu: upinzani una angalau watu 180 kati ya 1,000, na hauwezi kuzidi 580. Yaani kati ya asilimia 18 na 58. Huo ndio upana wa kutojua kwako. Ile asilimia 30 imepatikana kwa kudhani, bila kusema, kwamba waliokaa kimya wanafanana na walioongea. Nani kakuambia?

Wala msikimbilie kunishangilia kwa kusema, "Si unaona, wale 400 wote ni wetu!" Hapana. Hilo nalo ni kosa lilelile limevaa kombati. Kati yao wamo wasiopiga kura kabisa, wamo wasioamua, wamo wa chama tawala waliochoka na maswali. Aliyekaa kimya si mali yako ya kumjumlisha unapotaka, kama ambavyo si takataka ya kufagia unapochoka.

Jarida lililozikwa na wasiojibu

Mkidhani haya ni ya darasani, twendeni Marekani, 1936. Jarida la Literary Digest lilikuwa na sifa kubwa kwa kutabiri washindi wa urais. Mwaka huo lilituma karatasi za maoni zaidi ya milioni 10, majina yakichukuliwa kwenye orodha kama vitabu vya simu na kumbukumbu za wenye magari. Zilirudi zaidi ya milioni 2. Fikiria: kura za maoni zaidi ya milioni 2! Jarida likatangaza kwamba Alf Landon atamshinda Rais Franklin Roosevelt kwa karibu asilimia 57.

Roosevelt alipata karibu asilimia 61 na kuchukua majimbo 46 kati ya 48. Landon aliambulia Maine na Vermont. Miaka 2 baadaye jarida lilikuwa limefungwa.

Wengi husimulia kisa hiki kama somo la orodha mbaya: wenye simu na magari wakati wa mdororo wa uchumi walikuwa watu wenye nacho. Ni kweli. Lakini mwaka 1988 Peverill Squire alirudi kwenye data za wakati ule akaonyesha sehemu ya pili ambayo watu huisahau: waliorudisha karatasi hawakufanana na wasiorudisha. Kama wote waliotumiwa wangejibu, jarida lingemtaja Roosevelt kuwa mshindi hata kwa orodha yake ileile mbaya. Jibu lilikuwa limekaa kimya ndani ya mamilioni ya watu ambao jarida liliwahesabu kama hawapo.

Zaidi ya milioni 2 hawakusaidia kitu. Na wewe unajivunia 358 wako uliowabakiza baada ya kufyeka.

Tulikuwa wakali kwa wengine

Kinachoniuma ni kwamba sisi si wageni wa jambo hili. Mwaka 2018 Bunge lilipobadilisha Sheria ya Takwimu ya 2015 na kufanya kuwa kosa kuchapisha takwimu zinazopotosha au kupinga zile rasmi, tulipiga kelele. Hata Benki ya Dunia ilisema hadharani kwamba ina wasiwasi. Mwaka 2019 sheria ikarekebishwa tena na kosa lile likaondolewa. Tulisema nini wakati ule? Tulisema mwananchi ana haki ya kuhesabu na kutoa hesabu yake. Sawa kabisa. Basi tuhesabu kweli.

Ikaja corona. Mwanzoni mwa Mei 2020 hesabu iliyotangazwa ya Tanzania ilisimama kwenye wagonjwa 509 na vifo 21, ikakaa hapo zaidi ya mwaka mzima. Kwenye majedwali ya dunia, kila siku mpya ilionyesha 509 ileile. Aliyetoa namba ya jana kwenye ya leo alipata sifuri. Sifuri! Lakini haikuwa sifuri, ilikuwa pengo. Hakuna aliyekuwa ametangaza. Na mtafiti aliyeona afadhali aiondoe Tanzania kwenye jedwali lake, alibaki na Afrika isiyo na nchi ambayo Sensa ya 2022 iliikuta na watu 61,741,120. Aliyejaza sifuri kapotosha, aliyefuta mstari kapotosha. Tuliokuwa tunazika ndugu zetu tulijua tofauti kati ya "hakuna" na "haijasemwa".

Tuliijua vizuri wakati anayenyamaza ni serikali. Mbona tunaisahau anaponyamaza bibi wa kijijini?

Twende kwenye kura zenyewe

Hili la mwisho ndilo lililonifanya niandike. Tunasema tunataka kujumlisha wenyewe matokeo kutoka vituoni kwa nakala za fomu wanazopewa mawakala. Jambo jema, tena la lazima. Sasa tuseme kata ina vituo 40, nakala zilizotufikia ni 28. Mtaalamu wetu anaona mistari 12 yenye seli tupu. Anaifuta, anajumlisha 28, anatoa asilimia, na ndani ya dakika 5 picha imesambaa: "Tunaongoza!"

Jiulizeni nakala 12 zimekosekana kwa nini. Huenda kituo kiko mbali na wakala hakuwa na nauli. Huenda wakala alizuiwa kuingia. Huenda hakupewa nakala. Na huenda, tuseme ukweli hata kama unachoma, hatukuwa na wakala kabisa kwa sababu hapo hatuna mtandao, hatuna tawi, hatuna watu. Katika sababu zote hizo hakuna hata moja ya bahati. Vituo 28 vilivyotufikia ni vile ambavyo tuna nguvu. Kujumlisha hivyo peke yake ni kupima joto la nyumba kwa kushika jiko.

Na siku mkiwa mbele ya jaji, wakili wa upande wa pili hatauliza modeli yako ni ya kisasa kiasi gani. Atauliza, "Vituo vingine 12 viko wapi?" Ukiwa umevifuta, huna jibu. Ukiwa umeviacha kwenye jedwali, kila kimoja na sababu yake mbele yake, basi mapengo yenyewe ni ushahidi. Wakala aliyezuiwa ni mstari wenye seli tupu na maelezo pembeni. Ukifuta mstari ule umemsaidia aliyemzuia, tena bila malipo.

Najua mtakachosema

Mtasema muda hakuna. Kuhesabu seli tupu ni amri moja, fupi kama ile ya kufuta. Muda upo, kinachokosekana ni nia.

Mtasema modeli haikubali seli tupu. Kweli, nyingi hazikubali. Lakini modeli kukataa si amri ya wewe kufuta. Ni swali unaloulizwa: utafanya nini na watu hawa?

Mtasema kujaza mapengo ni kupika takwimu. Hapa mna hoja nusu. Ukichukua wastani ukaupachika kwenye kila pengo, umepika kweli: watu 400 wote wanageuka kuwa na kipato kimoja, na tofauti kati ya tajiri na maskini inapungua kwenye karatasi wakati mtaani haijapungua. Lakini ipo njia ya kujaza mara nyingi, ambayo Rubin huyohuyo aliiandikia kitabu mwaka 1987. Unatumia majibu mengine ya mtu kukisia lile lililokosekana, unatengeneza majedwali kadhaa yenye makisio tofauti, unachambua kila moja, na tofauti zake zinakuonyesha hujui kwa kiasi gani. Haificha kutojua, inakuweka wazi. Nayo si muujiza. Kama watu wamenyamaza kwa sababu ya jibu lenyewe, hakuna programu itakayokuokoa. Hapo inabidi urudi mtaani.

Ninachodai

Kwanza, faili la asili lisiguswe. Anayetaka kufuta afute kwenye nakala.

Pili, kabla ya uchambuzi wowote, toeni jedwali la mapengo: kwa kila swali, kwa kila kijiji, kwa wanawake na wanaume, kwa vijana na wazee. Mkikuta seli tupu zimejazana kwa wanawake wa kata moja, hiyo ndiyo habari kubwa ya utafiti wenu.

Tatu, fomu zetu zitenganishe "amekataa", "hajui", "halimhusu" na "hakuulizwa". Haya ni mambo manne. Msiandike 0, wala msiandike 99 kisha baadaye mkashangaa wastani wa umri wa wanachama umepanda.

Nne, kila ripoti itaje namba mbili: waliohojiwa na waliobaki kwenye hesabu. Swali likiwa la kura, itaje pia kiwango cha chini na cha juu kama nilivyoonyesha.

Tano, sehemu ya walionyamaza wafuatwe tena, safari hii na mtu wanayemwamini, mahali ambapo hakuna anayesikiliza. Najua ni gharama. Ni gharama ndogo kuliko kuingia uchaguzi na ramani ambayo nusu ya vijiji imefutwa.

Mimi binafsi, kuanzia leo, ripoti yoyote ya vijana isiyosema imefuta mistari mingapi na kwa nini sitaisambaza, hata kama inasema tunashinda. Hasa kama inasema tunashinda. Nawaomba na ninyi mfanye hivyo. Timu ya data, kazi ya wikiendi hii ni moja: fungueni lile faili la asili, hesabuni seli tupu, mtuletee hiyo namba kabla ya nyingine yoyote.

Mapambano yanaendelea.